Mzee Akilazwa, Biro Yote Inasahau

Mama Mshauri, salamu kutoka Lubumbashi.

Nakuandikia nikiwa na hasira kidogo na aibu nyingi. Nafanya kazi katika kabine ya uhasibu na kodi katikati ya mji. Tuko watu 9: patroni, wahasibu watano, stajeri wawili wanaojifunza kazi, na Mzee. Wateja wetu ni wa kila namna: makampuni madogo yanayofanyia migodi kazi, wenye malori ya njia ya Kasumbalesa, wauza vipuri, shule moja, mama mmoja mwenye tanuri mbili za mikate. Kila mwezi kabla ya tarehe 15 tunapeleka matamko ya TVA, kodi ya ongezeko la thamani, kila mwaka tunafunga mizania, na kila kitu kinaingia na kutoka kwa karatasi.

Mzee ndiye mwenye karatasi. Alianza na patroni siku ile ile kabine ilipofunguliwa, mwaka 1999. Tuna vyumba viwili vilivyojaa klaseri, yale majalada makubwa ya kutunzia karatasi, kutoka sakafuni hadi darini, na mgeni hawezi kupata chochote humo. Mzee hapangi kwa alfabeti wala kwa mwaka. Anapanga kwa jinsi wateja walivyokuja, na kwa mambo anayoyakumbuka yeye. Kuna mteja aliyebadilisha jina la kampuni mara mbili, lakini dosiye zake bado ziko chini ya jina la kwanza. Ukimuuliza Mzee anakujibu, "Amebadilisha shati, hakubadilisha mama."

Ana daftari moja la jalada gumu, mgongo wake umebandikwa gundi mara sijui ngapi. Juu ameandika kwa kalamu nyekundu: Mali bila daftari huisha bila habari. Ndani kuna vifupisho ambavyo hakuna mwingine anayevielewa. Jioni analitia mfukoni na kwenda nalo nyumbani kwake Katuba.

Mwezi wa sita Mzee alilazwa kwa upasuaji wa ngiri, akakaa nje ya kazi majuma matatu. Siku ya nne tu, mwenye malori mmoja akatuletea barua: ukaguzi wa kodi, wanataka ankara zote za mwaka 2022, mafuta, matairi, vipuri. Tulitafuta siku nne. Stajeri walishusha klaseri na kuzipandisha, patroni mwenyewe alipanda ngazi na tai yake shingoni, vumbi la kiangazi likamfanya apige chafya mpaka tukamwogopea. Tulipata kandarasi ya kodi ya nyumba ya mtu aliyefariki. Tulipata mishahara ya kampuni iliyofungwa. Ankara za 2022 hatukuziona.

Siku ya tano nikaenda hospitali. Nilimkuta Mzee na dripu mkononi, na mkewe akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Mzee akasema taratibu: "Chumba cha pili, upande wa dirisha, nyuma ya fardi za yule wa matofali. Usitazame chini. Tazama juu." Zilikuwa hapo hapo. Ila risiti za pampu za mafuta zilikuwa zimefifia, nusu yake nyeupe kama karatasi ya kufungia mkate. Na tulipokuwa tunatafuta tuligundua mchwa wamepanda ukuta na kula rafu yote ya chini ya chumba cha kwanza. Unazishika fardi, yale majalada mepesi ya karatasi, zinabaki maganda.

Si hayo tu. Kila mhasibu ana nakala zake katika kompyuta yake. Mwaka jana benki ilipelekewa mizania ya mteja ambayo haikuwa ile aliyoisaini patroni, kwa sababu zilikuwepo tatu na zote zilikuwa na jina "mizania mwisho". Wateja wanatutumia ankara kwa WhatsApp, kila mmoja kwa mhasibu anayemfahamu, zinakaa katika simu zetu pamoja na picha za harusi.

Kwa hiyo mimi na stajeri mmoja tulimwita mtu anayeuza programu za kutunza nyaraka, hiyo wanayoiita GED. Akaja na kompyuta yake, akatuonyesha: unaandika jina la mteja na neno "matairi", ankara inatokea. Nilitaka kulia. Bei ni dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwezi, mara watu 9. Patroni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo matatu: karatasi haihitaji umeme, mkaguzi wa kodi anataka karatasi yenye kashe, yaani muhuri, na kwa dola 405 kila mwezi ataajiri Wazee wengine wawili.

Baya zaidi, mtu huyo alikuja Mzee akiwa bado hospitalini. Mzee aliporudi alisimuliwa. Sasa ananijibu kwa "ndiyo" na "hapana". Mama, huyu mtu alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, ndiye aliyepeleka maombi yangu ya kazi kwa patroni miaka 8 iliyopita. Sikutaka kumfukuzisha kazi. Lakini siwezi pia kuona tunapoteza wateja kwa sababu dosiye ziko ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Je, niendelee kumsukuma patroni? Na Mzee nimfanyeje?

Mimi, Binti wa Vumbi

Jibu

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa upande wa Mzee. Nitakueleza sababu. Kwanza nikupe haki yako: biro yenu inahitaji huo mfumo, na mmechelewa. Ila naona kama ulimpelekea patroni hoja ya mchuuzi badala ya hoja yako. Yeye alionyeshwa programu inayotafuta haraka, akapiga hesabu ya dola 405, akaona ni ghali kwa ajili ya haraka. Hata mimi ningekataa.

Karatasi peke yake haina kosa. Nilikaa miaka 19 sekretari kwa mthibitishaji wa hati, nimeshika hati zilizopigwa taipu kabla sijazaliwa na zinasomeka vizuri kuliko risiti zenu za 2022. Tabu yenu ni kwamba njia ya kuifikia karatasi iko kwa mtu mmoja, na mtu huyo ana mwili. Patroni anasema karatasi haihitaji umeme. Kweli, inamhitaji Mzee. Umeme wa hapa kwetu ukikatika asubuhi, mara nyingi usiku umerudi. Mzee alikatika majuma matatu. Mwambie patroni hivyo, mkiwa wawili, bila stajeri na bila mchuuzi, kisha nyamaza. Alipanda ngazi mwenyewe na tai shingoni. Hoja hiyo anaijua kuliko wewe.

Kisha mpe hesabu ya kodi, maana ndiyo lugha yake. Ankara moja ya matairi ya dola 10,000 ina TVA ya 16%, yaani dola 1,600. Mwenye malori anazikata dola hizo 1,600 katika TVA anayodaiwa kwa sababu ana ankara. Mkaguzi akiomba ankara na ninyi hamna, anaweza kuzikataa, na mteja hatamlaumu Mzee wala mchwa, atailaumu kabine. Gharama za mafuta ni vivyo hivyo, bila kithibitisho zinaweza kuondolewa kwenye hesabu ya faida. Na msifikiri mambo ya 2022 ni ya zamani. Sheria ya uhasibu ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo nchi yetu inaifuata tangu ilipojiunga mwaka 2012, inataka vitabu vya hesabu pamoja na vithibitisho vyake vitunzwe miaka 10. Iko katika ibara ya 24, patroni wako anaijua kwa moyo. Sasa muulize: risiti ya pampu inaishi miaka mingapi? Karatasi ile haina wino. Imepakwa dawa, na joto la mashine ndilo linaloandika juu yake. Mwanga, mafuta ya vidole na plastiki ya fardi huyafifisha maandishi. Mzee aliitunza vizuri kabisa, mahali alipopajua, na bado ikafa mikononi mwake. Hilo hakuna mtunza dosiye duniani angeweza kulizuia, isipokuwa aliyeipiga skana siku ilipoingia.

Sasa nikueleze huo mfumo unafanya nini hasa, maana naona uliangalia utafutaji tu. Ankara ya matairi inafika asubuhi. Inapita kwenye skana kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ambayo inatosha kwa maandishi. Programu inasoma herufi zilizomo, kwa hiyo baadaye unaweza kuipata hata kwa namba ya ankara au jina la muuzaji. Mtu anaiandikia: mteja nani, mwaka gani, mwezi gani wa TVA, ni ankara au kandarasi au barua ya kodi. Inahifadhiwa kama PDF/A, aina ya PDF iliyotengenezwa ili ifunguke hata baada ya miaka mingi. Kuanzia hapo kila anayeifungua anaandikwa jina na saa. Stajeri anaweza kuiona, hawezi kuifuta. Anayeshughulikia shule hana haja ya kuona mishahara ya kampuni ya malori, basi haioni. Mizania ikirekebishwa, toleo la kwanza linabaki chini na jipya linakaa juu, na benki inapelekewa lile la juu, ambalo ni moja tu. Miaka 10 ikitimia, mfumo unawakumbusha kwamba karatasi hiyo sasa mna ruhusa ya kuiondoa. (Nadhani mngeshangaa ni vitu vingapi vya kabla ya 2010 mnavifugia mchwa.)

Stajeri wako atakuambia folda za kompyuta zinatosha, au zile za kuhifadhi mtandaoni. Folda ni kabati jingine. Ndani yake "mizania mwisho" zitakuwa saba badala ya tatu, na ankara moja ikimhusu mteja na pia dosiye ya ukaguzi itabidi uchague iwekwe wapi, tatizo lile lile la Mzee na yule wa matofali. Katika GED ankara haina rafu. Ina maelezo, na unaweza kuiingia kwa mlango wowote.

Kuhusu kashe na mkaguzi, patroni ana nusu ya haki. Tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ilipata sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, nayo inakubali maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi mradi aliyeyaandika ajulikane na yawe yametunzwa kwa namna inayohakikisha hayakuguswa. Lakini karatasi iliyosainiwa kwa kalamu na kupigwa kashe, ukiipiga skana, ulichonacho kwenye kompyuta ni nakala. Kwa hiyo usimwambie kamwe kwamba karatasi zitachomwa. Statuti za makampuni, kandarasi zilizosainiwa, hati za mthibitishaji, vyeti vya uandikishaji wa viwanja: hizo zinabaki, na kwa kadiri ya ugomvi wa viwanja ninaouona mjini hapa, cheti cha kiwanja ningekitia kwenye sanduku la chuma. Ankara pia zibaki mpaka muda wa sheria upite. Tofauti ni kwamba mkaguzi akija, mnajua zipo ngapi, ziko klaseri gani, na orodha mnamchapia kabla hajamaliza kahawa.

Umeme sasa. Programu ya namna hii haidai mashine kubwa kwa watu 9. Kompyuta moja ya kawaida inayokaa biroini kama seva, ondileri (kisanduku kinachoshikilia umeme ukikatika) yenye betri nzuri ili kompyuta isizimike ghafla katikati ya kuandika, na kama patroni tayari ana inverta ya kuwashia taa na printa, iunganishwe hapo. Ikiwa ndani ya biro, intaneti ikikatika nyaraka mnaendelea kuziona. Ila hapo ndipo watu wengi wanapolala: wananunua kompyuta moja, wanatia kila kitu ndani, siku moja inaibiwa. Mafundi wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja iwe mahali pengine kabisa. Watu wa Goma wanaijua sababu yake bila kufundishwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wao, mitaa ya biashara ikafunikwa, na kabati la chuma halina ubishi na lava. Sisi Lubumbashi hatuna volkano, tuna mchwa, wezi, na mvua ya Desemba kwenye mabati yaliyotoboka. Diski moja ya nje, iliyofungwa kwa neno la siri, ilale nyumbani kwa patroni. Nakala nyingine itumwe mtandaoni usiku wakati mtandao una nafuu. Na kila baada ya miezi mitatu mtu achukue diski hiyo ajaribu kurudisha dosiye moja. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni imani tu.

Bei ya yule mchuuzi siwezi kuiita ya wizi, huenda programu yake ni nzuri. Lakini dola 4,860 kwa mwaka kwa biro ya watu 9 ambayo haijawahi kupiga skana hata klaseri moja, hapana. Kuna programu za bure zenye msimbo wazi, yaani yeyote anaweza kuona zilivyoandikwa na kuzirekebisha. Paperless-ngx ni mojawapo, ina menyu kwa Kifaransa, inasoma herufi kwa kutumia Tesseract, chombo kilichoanzia kwenye maabara ya HP miaka ya 1980 na leo ni cha bure kwa wote. Mayan EDMS ni nyingine, nzito zaidi. Bure haimaanishi bila gharama: mtamlipa kijana anayejua Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aisimike na awe anapita kila mwezi, na mtanunua skana yenye mdomo wa kumeza karatasi nyingi, siyo ile ya kufunua kifuniko kwa kila ukurasa, hiyo itawaua. Kama patroni bado anapendelea ya kulipia, kwa sababu anataka mtu wa kumpigia simu saa mbili usiku, sawa. Muulizeni mchuuzi kwa maandishi: siku tukiacha kukulipa, tunaondoka na nyaraka zetu pamoja na maelezo yake yote, au tunaondoka na lundo la PDF zisizo na majina? Akianza kuzunguka, mmeshapata jibu.

Nije kwa Mzee, maana hapa ndipo nilipokasirika nawe.

Ulimleta mtu wa kuonyesha jinsi kazi ya Mzee inavyoweza kufanywa na mashine, wakati Mzee yuko kitandani na mshono tumboni. Najua hukukusudia. Yeye alisikia hivyo hivyo, na mkewe alisikia vibaya zaidi. Kabla ya programu, kabla ya skana, nenda Katuba. Nenda Jumapili baada ya ibada, peke yako au na mama yako ikiwa yupo, maana ni rafiki wa marehemu baba yako na jambo hili limetoka biroini likaingia nyumbani. Usiende mikono mitupu. Sukari na sabuni vinatosha, usilete kitu cha kuonekana kama unanunua msamaha. Anza na mkewe. Useme ulikosea kumwita mtu bila yeye kuwepo. Usiseme "kompyuta itakusaidia, Baba". Hakuna mzee anayependa sentensi hiyo, mimi mwenyewe wajukuu wangu wakiniambia hivyo natafuta fimbo.

Kisha muulize swali moja la kazi. Muulize kwa nini dosiye za yule mwenye malori ziko nyuma ya yule wa matofali. Nina hakika iko sababu. Labda ni ndugu. Labda mmoja alimdhamini mwingine benki, labda walikuwa kampuni moja wakagawana. Mambo ya namna hiyo ndiyo programu haiyajui na haitayajua, kwa sababu hayakuandikwa kwenye ankara yoyote. Kampuni iliyobadilisha shati mara mbili: mashine itaona kampuni tatu. Mzee anaona moja. Mkipiga skana bila yeye, mtakuwa na fujo inayotafutika haraka, basi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfumo wenu haihitaji umeme hata kidogo. Ni Mzee, wewe, meza, na daftari lile. Majuma mawili au matatu. Mnaandika orodha ya wateja kwa majina yao yote, ya zamani na mapya. Mnakubaliana maneno: je, tuseme "ankara" au "fakture", barua ya kodi inaitwaje, kandarasi ya mshahara inaitwaje, ili mhasibu mmoja asiandike hivi na mwingine vile. Maneno yasizidi machache. Biro inayoanza na aina 80 za nyaraka, mwezi wa pili kila mtu anatia "mengineyo". Mzee ndiye awe na neno la mwisho. Na mfumo ukianza, karatasi ipite kwake kwanza: yeye anasema hii ni ya nani, stajeri anapiga skana na kuandika, yeye anaangalia kwenye skrini kama imeandikwa sawa. Atajifunza. Mtu aliyeweza kukariri vyumba viwili vya klaseri hawezi kushindwa na kisanduku cha kutafutia.

Hofu yako ya kwamba utamfukuzisha kazi siwezi kukuondolea kwa maneno matamu. Patroni aliyepiga hesabu ya "Wazee wawili" anaweza kesho kupiga hesabu ya "Mzee mmoja pungufu". Muulize kabla hamjanunua chochote. Mwambie wazi kwamba bila Mzee orodha haitatengenezeka, na umwombe amwambie Mzee mwenyewe, kwa mdomo wake, kazi yake itakuwa ipi mwaka unaokuja. Akikataa kusema hilo, usianzishe. Subiri. Nitakuonea huruma na vumbi lako lakini nitakuambia usubiri.

Akikubali, msifanye kosa la kutaka kupiga skana kila kitu. Hesabu ni rahisi: klaseri 40 zenye kurasa 400 kila moja ni kurasa 16,000, skana ya kurasa 30 kwa dakika itazimeza kwa saa 9 hivi. Saa 9 ni uongo. Kuna kutoa agrafu, kukunjua pembe, kubandika kirisiti kidogo kwenye karatasi kubwa, kurudia zilizoingia mbili mbili. Na ninyi mna vyumba viwili. Anzeni na karatasi inayoingia leo. Ongezeni wateja walio kwenye ukaguzi, na risiti zote za karatasi ile inayofifia, hata za miaka ya nyuma, kabla hazijawa nyeupe. Dosiye za zamani zisubiri mpaka mtu aziombe; ikiombwa, inapigwa skana kabla ya kurudi rafuni. Baada ya mwaka mtaona ni zipi hakuna aliyeziuliza.

WhatsApp: wateja wataendelea, msipigane nao. Wapeni namba moja ya biro, na kinachoingia humo kiingizwe kwenye mfumo siku hiyo hiyo, kisha kifutwe kwenye simu. Katika simu zenu binafsi mna mishahara na kadi za watu wa nje. Ile sheria ya 2023 ina sehemu nzima juu ya data za watu, na hata bila sheria ni aibu. Mchwa nao: rafu ziache ukuta kwa upana wa mkono, miguu yake iwe ya chuma, na rafu ya chini ibaki tupu ili muone njia yao ya udongo ikianza kupanda. Tunaishi katika nchi ya vichuguu virefu kuliko mtu, tusijifanye wageni.

Kwa yule mwenye malori msikae mkisubiri haya yote. Wiki hii mwandikieni muuza mafuta kumwomba duplikata za 2022, ikiwa anatunza hesabu zake atakuwa nazo, na mtoe taarifa za benki za miezi hiyo ziambatane. Risiti zilizobaki na alama hafifu zipigeni skana kwa rangi halafu mkoleze giza lake kwenye kompyuta. Mara nyingi tarehe na kiasi hurudi. Risiti zenyewe msizitupe, hata zilizokuwa nyeupe kabisa.

Na kitu kimoja umekipita kwenye barua yako kana kwamba ni mapambo. Daftari la Mzee lipo moja. Kila jioni linasafiri ndani ya taxi-bus kati ya mji na Katuba, mfukoni mwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Leo hii orodha yote ya kabine yenu ndiyo ile. Jumapili, mkishamaliza chai, mwombe ruhusa ulipige picha, ukurasa kwa ukurasa, yeye akiwa amelishika mwenyewe.